Tochi Inayotaka Kazi Yangu

Nyuma ya ghala la asali,
Gongoni, Tabora.
Jumatano, baada ya Saba Saba, 1975.

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kamati,
Ushirika wa Warina Asali,
Gongoni.

Ndugu Mwenyekiti, Mzee Nassibu, shikamoo.

Nimeanza na Ndugu kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kwenye semina, nikaongeza shikamoo kwa sababu ndivyo alivyonifundisha mama. Pokea utakayoipenda, zote nimezileta kwa mikono miwili.

Yah: TOCHI YA BETRI TATU INAYOTAKA KAZI YANGU

Mimi ndiye yule Eustadia ninayekaa mlangoni mwa ghala na mtoto mgongoni. Mume wangu Raymundi yuko porini na mizinga yake, na harudi mpaka msimu uishe. Kazi yangu unaijua, lakini naieleza tena kwa ajili ya wale wajumbe ambao wakija ghalani huishia kwenye kuonja.

Kila mrina asali ana alama yake. Huichonga kwenye mzinga, na debe likijaa huikwaruza kwa msumari juu ya mfuniko, ili asali yake isipotelee kwenye asali ya wenzake. Mzee Kashindye ni mistari mitatu. Masolwa ni mistari minne. Raymundi wangu ni mistari miwili na nukta. Mistari mitano haina mtu, nadhani watu wanaona uvivu kuichora. Debe likifika, mimi napitisha kidole juu ya mfuniko, maana mara nyingi umejaa nta na vumbi la njiani. Nahesabu ti, ti, ti, halafu naita jina la mwenyewe kwa sauti, na Ndugu Katibu Twalibu anaandika. Ndiyo kazi yote. Haitaki misuli wala Kiingereza.

Sasa wiki iliyopita, madebe ya wengi yakiwa yamerundikana mlangoni, debe la Mzee Kashindye lilikutwa na mistari minne badala ya mitatu, nami nikaita Masolwa, likapelekwa upande wa Masolwa. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa kosa dogo la kurekebisha. Lakini Masolwa ni Msukuma na Mzee Kashindye ni Mnyamwezi, wametaniana tangu ujana wao. Masolwa alipoona asali ya mtani wake imejileta yenyewe mpaka miguuni pake, alisema basi hata nyuki wa Kinyamwezi wamechoshwa na wenyewe, wanahamia kwa watu. Akalifungua papo hapo, akawaita watoto wa mtaa wakaja na vibakuli. Mzee Kashindye akasema Msukuma kazoea kushika mkia wa ng'ombe, mti hawezi kuupanda, ndiyo maana anarina asali kwenye bati. Akadai pia kwamba msumari wake wa kuchorea alama, ule uliofungwa uzi mwekundu, umepotea siku hiyo hiyo, na kwamba Masolwa bila shaka ameumeza akidhani ni sega. Watu tulicheka sana. Mimi nilicheka mpaka mtoto akaamka.

Kicheko kiliisha kamati ilipokaa. Mkaazimia mawili: kwamba alama zitafutiwe chombo cha kisasa cha kuzisoma, na kwamba mtoto asionekane tena ghalani. Jumamosi mnakutana kuchagua kati ya tochi ya betri tatu, aliyokuja nayo Ndugu Katibu kutoka Dar es Salaam, na kioo cha kukuzia cha fundi saa wa sokoni. Mimi sikutajwa, hata kama kifaa.

Mama mkwe wangu amehamia kijiji kipya huko upande wa Nzega, na hapa mjini sina wa kumwachia mtoto. Mtoto akitoka ghalani na mimi nimetoka. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba kama tunavyoelekezwa, na naomba yasomwe kabla ya chai, kwa sababu baada ya chai najua wajumbe hukubali lolote.

1. Tochi haijui kusoma. Mimi nimefika darasa la nne kwa masista, na jioni nahudhuria kisomo cha watu wazima, kwa hiyo hili nalisema kwa heshima lakini kwa uhakika: tochi haisomi, inamulika. Hayo ni mambo mawili. Taa ya gari moshi inatumulika wote pale stesheni, lakini sijasikia imemjua mtu hata mmoja kwa jina. Tumeambiwa kila mtu mzima lazima ajue kusoma na kuandika. Iweje tochi, tena iliyotoka Dar es Salaam kwenye mwanga, ipewe kazi ya kusoma bila kupita kisomo? Naomba ianze darasa pamoja nasi Jumatatu. Ije na daftari lake, mwalimu wetu hapendi watu wa kuazima.

2. Siku ya majaribio nilikuwepo. Ndugu Katibu aliwasha tochi, mwanga ukapiga bati jipya ukamrudia machoni, na kwa muda mzuri tu akawa anaieleza nguzo ya ghala maazimio ya kamati. Alipopata macho yake akamulika mfuniko mwingine, akahesabu mistari mingi isiyo na idadi, akasema huu ni ukoo mkubwa mno, akatuma mtu mpaka mtaa wa Nzega Road kuuliza kama watu wa huko wanaufahamu. Mfuniko ule ni wangu. Huwa nakatia vitunguu juu yake. Ulikuwa umefunika uji wa mtoto.

Kioo cha fundi saa hakina kiburi, ila kinakuza. Mistari mitatu inabaki mitatu, minene. Lakini nyuki mmoja alipita chini yake, na mjumbe aliyekuwa anachungulia akakimbia akiacha kiatu. Isitoshe fundi amesema kioo hakitoki dukani bila yeye, na yeye hatoki dukani bila kiti.

Nisijisifu. Hata mimi niliwahi kupitisha kidole bila kutazama nikaita Masolwa kwa sauti kubwa, kumbe ni chanuo langu. Lakini chanuo nililiomba radhi, wala sikulipigia kampeni.

3. Tochi haina salamu. Warina asali wanatoka porini na baiskeli zimebeba madebe, wamelala njiani, wamekula vumbi. Mtu akifika mlangoni hataki kwanza kusomwa. Anataka kuulizwa habari za nyuki, habari za mvua, habari za wale aliowaacha. Mzee Kashindye peke yake ana mguu wa kuulizwa. Nisipouuliza mguu ule hanipi debe. Je, tochi itauuliza? Ikiumulika tu atadhani unatuhumiwa.

4. Chakula chake. Tochi inakula betri tatu kwa mpigo, na betri siku hizi ukizisikia ni katika habari za mahali pengine. Mimi nakula ugali, na nikiukosa naendelea kuwaka. Nimeambiwa betri zikiisha zitatolewa kwenye redio ya kamati. Haya, madebe mtayasoma, lakini taarifa ya habari mtaisikia kwa nani? Mtakuja kuniuliza mimi mlangoni, na mimi wakati huo nitakuwa sipo.

5. La tano nilikuwa nalo, mtoto akalia, nikaenda, niliporudi halikuwepo. Lilikuwa kali. Naomba lihesabiwe.

6. Tochi haijui utani. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu, na njia nzima walikuwa na watani wa kuwatukana, wa kula chakula chao, na wa kuwazika wakifa. Ndivyo walivyofika. Mzigo ulijulikana kwa alama yake, mtu alijulikana kwa watani wake, na kama kuna waliopotea haikuwa kwa kukosa betri. Tena akina mama walikwenda katika misafara hiyo, sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa njiani, mpaka anazeeka walimwita Njiani. Sijasikia kwamba msafara ulisimama Ugogo, ukakaa, ukachagua katibu, ukaazimia watoto wasionekane. Walivuka nyika yote ile pamoja nao. Leo ghala lenye mlango mmoja linashindwa na mtoto mmoja!

Narudi kwenye utani, nimetoka nje kidogo. Debe lile halikuibiwa, Ndugu Mwenyekiti, lilitaniwa. Mimi nililijua hilo palepale, na Mzee Kashindye alilijua, ndiyo maana hakwenda polisi, alikwenda nyumbani kutunga matusi mapya. Tochi ingemmulika Masolwa kama mwizi. Na Masolwa ninavyomfahamu angeichukua na hiyo tochi, angesema ni ya mtani wake.

7. Usawa. Mimi nilipochukuliwa ghalani nilipewa masharti: niwe na tabia njema, nifagie, nichangie misiba, na siku ya shamba la ushirika nilime kama wengine. Nimeyatimiza, hata nikiwa na mimba nililima, mstari wangu ukapinda kidogo. Sisi sote ni sawa, nasikia hivyo kila mkutano na ninaamini. Basi tochi nayo ipewe masharti hayo hayo. Siku ya shamba ishike jembe. Kukiwa na msiba ikeshe na wafiwa na ichote maji. Mgambo wakikimbia mchakamchaka nayo ikimbie, iimbe. Ila likizo ya uzazi naona mmeipa tayari, kwa sababu tangu ije imelala ndani ya sanduku lake kwenye pamba, na hakuna anayeruhusiwa kupiga kelele karibu nayo.

8. Hili ndilo linalonikaba. Imesemwa ndani ya kamati, nami nimeambiwa na mtu ninayemwamini (simtaji, lakini ndiye anayewapikia chai), kwamba mwanangu Bernadeta ndiye aliyeongeza ule mstari wa nne kwenye mfuniko wa Mzee Kashindye. Ndugu Mwenyekiti, mtoto huyu ana meno manane. Kijiko hajui kukishika, kinamshinda kinaangukia sikioni, msumari atauweza? Huyu ni mtoto anayelala mgongoni kwangu kutwa kama kanga ya pili. Nakataa mbele ya kamati na mbele ya Mungu. Mstari ule ni wa njiani. Ni kokoto, ni mwiba, ni kengele ya baiskeli. Mtoto wangu na misumari hawajuani.

Na kwa kuwa hawajuani, malalamiko yangu yote yanasimama, na juu yake naweka ombi.

Kama ni lazima kuchagua chombo, naomba jina la tatu liongezwe: Bernadeta. Msicheke kwanza. Ndugu Katibu aliandika ubaoni sifa nne za chombo kinachotakiwa, nami nimezinakili. Kiwe chepesi. Kione gizani. Kitoe ishara kikikutana na alama. Kisiwe na upendeleo wa ukoo.

Wepesi: alipopimwa kliniki muuguzi alisema ni mwepesi hata kupita inavyotakiwa, akaniagiza karanga. Kuona gizani: gizani ndiko anakoona vizuri zaidi, hasa mimi nikitaka kulala. Ishara: amenisikia nikihesabu mifuniko tangu hajaota jino, sasa akiona mstari wowote ananyoosha kidole anasema Ti! Nilimpeleka stesheni, alipoona reli alisema Ti, Ti, Ti mpaka abiria mmoja akadhani ndiye anayeruhusu treni kuondoka, akapanda. Upendeleo hana, anawalilia wote sawa, pamoja na wewe Mzee wangu, usikasirike. Tena hali betri, ingawa ya Ndugu Katibu aliwahi kuilamba. Mshahara wake ni uji na mgongo wa kupanda. Mgongo natoa mimi.

Mtaniuliza, na wewe Eustadia utafanya nini wakati mtoto anasoma? Nitakuwa nimembeba. Chombo chochote kina mkono wake.

Kuna jambo moja si lalamiko, nalitaja tu likae hapo. Raymundi alipoondoka mwaka huu alitundika mzinga mmoja kwa ajili ya Bernadeta, juu ya mninga, mahali penye maua. Mzinga ule mpaka leo hauna alama. Wazee wanasema mtoto wa kike hutumia alama ya baba, akiolewa hutumia ya mume, kwa hiyo asisumbuliwe na msumari. Sikubishana, wazee ni wazee. Lakini usiku ninapomnyonyesha huwa nafikiri atakuja kusoma kupita darasa langu la nne, atakaa kwenye kile kiti cha Ndugu Katibu chenye mto, atashika kalamu, na akiwa na mtoto atakuja naye, na hakuna atakayeitisha mkutano. Uhuru ni kazi, tunaambiwa, nami kazi nimeikubali. Nataka tu mtoto wangu aizoee mapema harufu ya ghala lile, asije akaliogopa.

Nakusalimia wewe na kamati nzima. Nisalimie Bi Kuluthumu wako nyumbani, mwambie majani ya mpera yamemsaidia mtoto kikohozi. Msalimie Mzee Kashindye, na mguu wake uusalimie peke yake. Masolwa msalimie kwa matusi, ataelewa. Ndugu Katibu asidhani namchukia, ni kijana mzuri ila asafiri kidogo kidogo. Hata tochi naisalimia. Haina kosa, imeletwa tu.

Ndimi niliye mlangoni, mpaka Jumamosi,

Eustadia wa Raymundi.

Nyongeza. Ndugu Mwenyekiti, nilikwenda kuepua uji nikaiacha barua mkekani. Nimerudi nikakuta chini ya jina langu mistari minne ya mkaa, imenyooka kuliko mwandiko wangu, na aliyeichora amekaa pembeni anasema Ti. Nikajiambia huo ni mkaa, mkaa si msumari, barua yangu bado ni nzima. Kisha nikaushika mfuniko wa sufuria ya uji, nikaona mkwaruzo mpya unang'aa. Nikamfumbua kiganja. Msumari. Una uzi mwekundu.

Sijui aliuficha wapi siku zote hizi. Nadhani ni katika kanga yangu, kwa hiyo nimekuwa nikiulalia.

Basi la nane nalifuta. La kwanza mpaka la saba yalikuwa yameegemea hilo, nayo yalale. La tano naomba libaki, kwa kuwa hakuna anayelijua. Mungu nimeshamwomba radhi, imebaki kamati. Mzee Kashindye nitampelekea msumari wake mwenyewe, na debe la kwanza la Raymundi likifika ni lake, na mguu nitauuliza mara mbili. Masolwa ataendelea kulaumiwa kwa kuumeza msumari mpaka kesho asubuhi, nitamwachia mtani wake hiyo starehe.

Tochi ichagueni. Ila nimefikiri: tochi haijishiki. Itataka mtu mwenye mikono miwili mitupu, mmoja wa kumulika na mwingine wa kufuta nta, na mama mwenye mtoto mgongoni mikono yake yote ni mitupu. Na mtoto akiwa mgongoni hafikii mfuniko. Siku ile nilimshusha kidogo tu, nimuulize Mzee mguu.

Wakati naandika haya ameongeza mmoja. Sasa ni mistari mitano. Nimezipitia alama zote za ushirika kichwani, kuanzia mlangoni mpaka ukutani, na mitano bado haina mtu. Naomba Jumamosi, kabla ya chai, Ndugu Katibu aandike: Bernadeta.